Je, wajua kwa nini historia ya sanaa ya Uganda inaanzia kwenye ukoo?

Mara nyingi sanaa ya Uganda husimuliwa kuanzia 1937, Mwingereza Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere. Vya kabla ya hapo huitwa kazi za mikono tu. Makumbusho mengi ya Ulaya huviwekea kibao chenye jina la kabila na la mzungu aliyevikusanya. La fundi halimo.

Sababu ni kipimo kilichotumika. Wasomi wa Ulaya walizoea kutafuta msanii mmoja na sahihi yake. Wasipoiona, walisema kazi haina mwenyewe.

Katika Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda, mwenye kazi yupo, ila ni ukoo. Chukua lubugo, nguo ya magome. Mafundi wake ni wa ukoo wa Ngonge, na mkuu wao, Kaboggoza, hurithi cheo hicho. Gome la ndani la mti wa mutuba hubanduliwa msimu wa mvua, kisha shina hufungwa majani ya mgomba ili gome jipya liote. Mafundi huliponda gome kwa nyundo za mti zenye mifereji, wakianza na mipana na kumalizia na myembamba, hadi lilainike na kutanuka. Banda la kazi huachwa wazi lakini lina paa, maana jua kali likilikausha gome mapema, kazi imeharibika. Mwisho huanikwa, likapata rangi ya udongo mwekundu. Nguo za wafalme zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi. Elimu yote hiyo haikurithishwa kwa maandishi. Imo mikononi mwa watu, nami naiona ni elimu kamili ya sanaa.

Kasubi, Kampala, yaliko makaburi ya Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, ni vivyo hivyo. Kuezeka nyasi ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na pete 52 za dari ni koo 52 za Buganda. Nyumba kuu ilipoungua Machi 2010, ramani za wasanifu pekee zisingetosha kuirudisha. Ilibidi wenye kazi yao waitwe.

Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta vitu 39 vilivyotoka Uganda kwenye Makumbusho ya Uganda, Kampala, kwa mkopo wa miaka mitatu. Mkopo! Wakati vipo hapa, wazee wa kila vilikotoka waitwe, waulizwe nani alivitengeneza na vilifanya kazi gani, na majibu yao yaandikwe kwenye kibao juu ya jina la aliyevichukua.