Kwa Nini Maji Hayataki Kuachana na Mafuta Ghafi

Wahandisi wachanga wanaoanza kazi kwenye mitambo ya kutenganisha mafuta ghafi huniuliza mara kwa mara: ikiwa maji na mafuta hayapatani, mbona sampuli iliyochukuliwa jana bado ina rangi ileile ya kahawia leo asubuhi, wala hakuna hata tone lililotulia chini ya chupa? Jibu liko kwenye uso wa kila tone, mahali ambapo macho hayafiki.

Ndani ya mwamba, mafuta na maji ya chumvi hupita polepole na kwa sehemu kubwa kila kimoja hushika njia yake. Mambo huharibika yanapoingia kisimani na kupanda juu, kwa maana hapo hukutana na pampu, mapovu ya gesi, viungo vya mabomba, na zaidi ya yote vali inayobana mtiririko kwenye kichwa cha kisima. Shinikizo linaloshuka ghafla ndani ya vali hiyo huacha nishati, na sehemu ya nishati hiyo hutumika kuyararua maji kuwa matone madogo sana. Mililita moja tu ya maji ikivunjwa kuwa matone yenye kipenyo cha mikromita 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita, hutoa matone yanayokaribia trilioni 2, na nyuso zake zikijumlishwa hufikia mita za mraba 6. Eneo hilo lote ni mpaka mpya kati ya maji na mafuta, na mafuta ghafi yana vitu vingi vinavyousubiri.

Vitu hivyo ni asfaltini na resini (molekuli nzito za mafuta yenyewe), asidi za asili zilizomo kwenye mafuta, fuwele za nta, pamoja na chembe laini za udongo, kutu na salfaidi ya chuma. Huja kukaa mpakani na kushikana, na baada ya muda hufanya utando mgumu kiasi unaolizunguka tone kama ngozi. Maabara ina njia rahisi ya kuuona: ning'iniza tone la maji kwenye ncha ya sindano ndani ya mafuta yenye asfaltini nyingi, liache kwa saa kadhaa, kisha livute polepole lirudi sindanoni. Tone la maji safi ndani ya mafuta safi lingesinyaa likiwa laini mpaka mwisho. Hili hukunjamana kama puto linalotolewa hewa. Anayeona mikunjo ile hahitaji maelezo marefu kuhusu sababu ya matone mawili kugongana na bado yakakataa kuungana. Umri pia una uzito wake, kwa kuwa emulsheni, yaani mchanganyiko huu wa matone ndani ya mafuta, ikiwa ya dakika chache huvunjika kwa urahisi kuliko ile iliyolala tangini siku mbili.

Udogo wa matone ni tatizo la pili, na mwanafizikia George Stokes alitupa hesabu yake mwaka 1851. Kasi ya tone kuzama huongezeka kwa mraba wa kipenyo chake na kwa tofauti ya densiti kati ya maji na mafuta, na hupungua kadiri mnato wa mafuta, yaani ugumu wake wa kutiririka, unavyokuwa mkubwa. Chukua mafuta yenye mnato mara 10 ya ule wa maji, na tofauti ya densiti ya kilo 150 kwa mita ya ujazo. Tone la mikromita 100 litazama takriban sentimita 30 kwa saa, lakini tone la mikromita 10 litazama takriban milimita 3 tu. Kwa kuwa mafuta mara nyingi hukaa ndani ya kitenganishi kwa dakika chache, hilo la pili litatoka na mafuta kama lilivyoingia.

Mnato wenyewe nao hubadilika. Kadiri maji yanavyoongezeka ndani ya mafuta, matone hubanana na mchanganyiko huwa mzito, hata kuzidi mafuta makavu (yasiyo na maji) mara nyingi, na shinikizo la bomba hupanda. Kiwango cha maji kikifika mahali fulani, ambapo hutofautiana kutoka mafuta hadi mafuta, emulsheni hugeuka: maji huwa nje, mafuta ndani, na mnato huporomoka.

Ili kuivunja, tuna joto linalopunguza mnato, umeme unaovuta matone yakaribiane (wavumbuzi Cottrell na Speed walipata hataza ya njia hii Marekani mwaka 1911), na dawa ambazo molekuli zake huenda mpakani na kuwaondoa asfaltini mahali pao. Zote ni nzuri, na zote zina kikomo. Umeme mkali mno hulirarua tone badala ya kuliunganisha na jingine, na dawa ikizidi kipimo yenyewe huanza kuimarisha emulsheni.

Hilo la mwisho nililiona kwenye mtambo mmoja nilioitwa kusaidia. Maji kwenye mafuta ya kuuza yalikuwa yamepita asilimia 2, na kila wiki kipimo cha dawa kilikuwa kimepandishwa bila nafuu yoyote. Nilichukua chupa kumi za majaribio, nikazitia dawa kwa vipimo tofauti, nikazitikisa kwa idadi ileile na kuziweka kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 za Selsiasi. Chupa iliyotoa maji mengi na safi ilikuwa na dawa chini ya nusu ya iliyokuwa ikitumika. Zilizozidishiwa zilibaki na tabaka nene la kahawia katikati. Ndipo tulipofuata bomba kurudi nyuma, tukakuta vali moja iliyobanwa karibu kufungwa, na sindano ya kuingizia dawa ikiwa imewekwa baada yake, mahali ambapo ngozi za matone zilikuwa zimeshaanza kukomaa. Vali tulifungua, mtiririko tukaudhibiti kwa hatua mbili, na sindano tukaihamishia kabla ya vali, ili dawa iwemo ndani ya mafuta wakati nyuso mpya zinapozaliwa. Baada ya siku nne, maji yalishuka chini ya asilimia 0.5, kwa aina ile ile ya dawa.