Ufanisi wa nishati katika usafiri ni nini?

Ufanisi wa nishati katika usafiri ni kipimo cha nishati inayotumika kumfikisha mtu au mzigo unakotakiwa. Kinachohesabiwa ni watu waliofika, si magari yaliyopita. Safari zao hupimwa kwa kilomita-abiria: abiria mmoja akisafiri kilomita moja, hiyo ni kilomita-abiria moja.

Tufanye hesabu ya mfano. Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita, ndani yumo dereva peke yake, linatoa kilomita-abiria 10 kwa lita hiyo. Coaster, basi dogo la daladala, ya Mbagala jijini Dar es Salaam inayokwenda kilomita 5 kwa lita ikiwa na watu 30 inatoa 150. Inakunywa mafuta mara mbili, lakini kwa kila abiria inatumia sehemu moja tu ya kumi na tano. Daladala chakavu tunayoilalamikia kila asubuhi bado inalishinda mbali gari jipya la mtu mmoja.

Halafu kuna foleni. Kila dereva anapokanyaga breki, mwendo alioununua kwa mafuta unageuka joto kwenye breki na kupotea. Akiondoka tena anaununua upya. Akisimama huku injini inaunguruma, mafuta yanaungua na hakuna aliyesogea. Ndiyo maana naiona njia maalumu ya mabasi ya mwendokasi jijini humo kuwa hatua kubwa kuliko injini yoyote mpya. Huduma hiyo ilianza Mei 2016 katika awamu ya kwanza ya kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani. Basi lina njia yake, nauli inalipwa kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo iko usawa wa mlango, kwa hiyo watu wengi wanaingia na kutoka kwa muda mfupi. Lakini mabasi yakiwa machache faida hiyo inavuja: mwenye uwezo anarudi kwenye gari lake, mwingine anaita bodaboda, na njia iliyojengwa kwa gharama kubwa inakaa tupu.

Hapa pana jambo linalochanganywa sana, nalo ni unafuu na ufanisi. Gesi asilia ya Songo Songo inafika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, na sasa teksi na bajaji nyingi zimefungwa mitungi. Dereva anaokoa pesa na moshi unapungua, na hilo ni jema kabisa. Ila injini ni ileile, na sehemu kubwa ya nishati yake bado inatoka kama joto. Mota ya umeme ndiyo inayobadilisha hesabu: hugeuza zaidi ya asilimia 80 ya umeme inaopewa kuwa mwendo, wakati injini ya petroli kwa kawaida hupata kama robo tu ya nishati ya mafuta. Hata hivyo gari la umeme lenye mtu mmoja linajaza barabara kama lile la petroli.

Kilichobaki ni umbali, na kwangu hicho ndicho kizito. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Wengi wanajenga Chanika, Bunju, Mbezi na Kigamboni, huku ofisi nyingi zikibaki Posta na biashara kubwa Kariakoo. Soko, benki na hospitali vikisogezwa walipo watu, safari nzima inafutika pamoja na mafuta yake. Safari fupi nazo zina lake. Kutoka kituoni hadi nyumbani yaweza kuwa mita 800, lakini masika yakishakata njia, mtaro hauna kivuko na giza limeingia, mtu anapanda bajaji. Kivuko cha zege na taa mahali hapo ni mradi wa nishati kama ulivyo wa mabasi, na gharama yake ni ndogo mno.