Mnada si Owino: yanayowaponza wanunuzi wapya mtandaoni

Mjomba wangu wa Bombo, hapa Uganda, alinipigia simu baada ya isha, sauti imejaa furaha. "Mpwa wangu, nimeona gari, Toyota Premio, huko Japani, dola mia tisa. Mia tisa tu! Nitume pesa leo au kesho?" Nikamwomba anisomee kila kilichoandikwa chini ya picha, pole pole. Akasoma. Zile dola mia tisa zilikuwa bei ya kuanzia, na mnada wenyewe ulikuwa haujafunguliwa.

Simcheki. Wengi wetu tumefundishwa kununua na Owino, soko la Kampala ambalo kwenye karatasi za serikali linaitwa St. Balikuddembe. Pale muuzaji hutaja bei ya juu, nawe unakunja uso, unajifanya unaondoka, anakuita, bei inashuka. Mnadani bei huanzia chini ikapanda, na anayeipandisha ni mnunuzi mwenzako usiyemwona. Kwa hiyo ujanja ule ule unaokuokoa Owino ndio unaokuumiza huku. Haya ndiyo ninayoyasikia kila mara, kwa mjomba na kwa wengine.

"Bei ninayoiona ndiyo nitakayolipa"

Ndiyo, kama wewe ni mnunuzi pekee duniani. Bei ya kuanzia ni chambo. Tena muuzaji anaweza kuweka bei ya chini ya siri: dau la juu lisipofika hapo, muda ukiisha halazimiki kuuza, hata kama jina lako ndilo lililobaki juu. Majumba mengi ya mnada yenye heshima huongeza pia ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani bei iliyoshinda, na mara nyingi ada hiyo hupita asilimia 20. Kwenye eBay, mtandao mkubwa wa mnada, kwa kawaida hakuna ada ya namna hiyo, lakini usafirishaji upo. Anza na gharama za njiani, kisha rudi kwenye dau.

"Usimwonyeshe mtu bei yako ya mwisho"

Hapa ndipo Owino inapotuponza hasa. Sokoni ukisema "nina elfu hamsini", umekwisha. Kwenye eBay na minada mingi ya aina yake, unaiambia mashine kiwango chako cha juu kabisa, nayo inakificha kwa wengine, kisha inakupandishia dau kidogo kidogo pale tu inapolazimika.

Tuseme unataka lenzi ya kamera na bei iko dola 60. Unaandika 100. Skrini haionyeshi 100. Anakuja mtu mwingine anaandika 85. Mashine inapandisha bei hadi 86, yaani 85 yake na hatua moja ya dola 1, na lenzi inabaki mkononi mwako. Muda ukiisha bila mwingine kujitokeza, unalipa 86. Zile 14 zilizobaki zako hazikuguswa. Na kama naye angeandika 100 kamili baada yako? Wa kwanza kuandika ndiye mwenye haki.

Sasa mtazame mtu aliyekuja na tabia ya sokoni. Anaandika 61. Papo hapo anaambiwa amezidiwa. Anaandika 63, amezidiwa. 66, amezidiwa. Anadhani kuna mtu macho kodo upande wa pili anayemfanyia kusudi, kumbe anabishana na mashine ambayo mwenyewe amelala. Damu inapanda. Kufika saa nane za usiku ameandika 120 kwa lenzi ambayo dukani angeipata kwa 95 ikiwa na waranti. Nimewahi kuwa mtu huyo, kwa hiyo najua ninachokisema.

Dawa yake ni kuandika kwenye karatasi, mchana, ukiwa umeshiba, bei ambayo ukizidiwa hata kwa dola moja hutasikitika. Unaiingiza mara moja, unafunga simu. Wazo la mshindi kulipa kwa kufuata dau la wa pili lilichambuliwa na mwanauchumi William Vickrey mwaka 1961. Alitunukiwa Nobel mwaka 1996, akafariki siku tatu baada ya kutangazwa. Alichoonyesha ni kwamba katika mnada wa namna hiyo, kusema kweli kuhusu thamani ya kitu kwako ndiyo mbinu bora. Jaribu kumwambia hivyo muuza jinzi wa Owino.

"Subiri sekunde ya mwisho, utawafumania"

Kuna ukweli ndani yake. Kwenye eBay saa ikifika, imefika: dau la sekunde tano za mwisho linahesabiwa sawa na la juzi, na linamnyima yule mwenye hasira nafasi ya kujibu. Lakini haliwezi kumshinda mtu aliyeandika kiwango kikubwa kuliko chako tangu Jumatatu. Na si kila mnada una saa ya namna hiyo. Kwenye mnada wa Yahoo wa Japani muuzaji anaweza kuchagua muda ujiongeze: dau likiingia katika dakika tano za mwisho, zinaongezwa tano nyingine, na tena, hadi watu wachoke. Halafu tukumbuke tuko wapi. Umeme ukikatika Bwaise, Kampala, sekunde ya nane kabla ya mwisho, ujanja wako umekwenda na maji.

"Nikibadili mawazo, naacha tu"

Dau ni ahadi ya kununua. eBay hukuruhusu kuliondoa kwa sababu chache: umekosea tarakimu, maelezo ya bidhaa yamebadilishwa sana, au muuzaji hapatikani kabisa. "Mke wangu amekataa" haimo.

"Muuzaji alinificha"

Mara nyingine, kweli. Mara nyingi zaidi hatukusoma. Pierre Omidyar alipofungua mwaka 1995 mnada ulioitwa AuctionWeb, ambao baadaye ukawa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, mbovu, kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kuhakikisha kama anajua kwamba haifanyi kazi. Jamaa akajibu kwamba anakusanya kalamu za leza mbovu. Yule alisoma.

Mimi sikusoma. Nilishinda amplifaya ya zamani kutoka Marekani, kitu kizuri chenye uso wa alumini na vifundo vizito, na nilijivuna kwa wiki tatu ikiwa njiani. Ilipofika nikaichomeka ukutani na adapta ya plagi. Taa yake ndogo ya njano ikawaka vizuri kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu ikaja harufu ya kitu kinachoungua, na uzi mwembamba wa moshi ukatoka kwenye matundu ya juu. Nyuma yake palikuwa na kibandiko: 120V. Umeme wetu ni 240. Adapta hubadilisha umbo la meno ya plagi, haipunguzi umeme. Na kibandiko kile nilikuwa nimeonyeshwa, kilikuwa picha ya nne. Vifaa vya Japani ni vya volti 100, hali ni mbaya zaidi.

Tukiwa hapo kwenye mizigo: usikadirie nauli ya ndege kwa mizani ya jikoni. Makampuni mengi ya vifurushi hupima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, hugawa kwa 5,000, kisha hukutoza kwa kilicho kikubwa kati ya jibu hilo na kilo halisi. Spika yenye kilo 8 ndani ya boksi la 60 kwa 40 kwa 40 inakuwa kilo 19.2. Boksi limejaa hewa, nawe unailipia nauli hewa hiyo hadi Entebbe.

"Gari la Japani nitalipigania mwenyewe kwa simu"

Hili ndilo lililotufanya mimi na mjomba tukae kwenye mkeka jioni nzima. Minada mikubwa ya magari ya Japani ni ya wanachama, wafanyabiashara wenye leseni. Mtu wa Bombo haingii. Anayeingia ni wakala, na tovuti unayoiangalia ni dirisha lake. Unampa amana na kiwango chako cha juu, anabonyeza kitufe kwa niaba yako, gari moja linakwisha kwa sekunde chache, linalofuata linapanda. Mnada wa kampuni ya USS ulioko Noda, mkoani Chiba, hufanyika Alhamisi na hupitisha maelfu ya magari kwa siku moja. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo mnada ukianza saa nne asubuhi kule, Kampala ni saa kumi alfajiri. Usikeshe. Kazi yako imekwisha jana yake, ulipoisoma karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari.

Karatasi hiyo ina thamani kuliko picha ishirini zilizosafishwa. Juu yake pana alama ya jumla: 4 na 4.5 ni magari yaliyotunzwa, 3.5 limechakaa kidogo, na R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Herufi ya pembeni, A hadi D, ni hali ya ndani. Chini pamechorwa gari limefunguliwa kama ngozi iliyoanikwa, na kila jeraha limeandikwa mahali pake. A ni mkwaruzo, U ni kibonye, W ni bati lililonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Nambari inayofuata ni ukubwa wa jeraha: A1 huioni mpaka uiname, A3 utaiona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Mwaka wa kusajiliwa mara nyingi umeandikwa kwa hesabu ya wafalme wao. H ni Heisei: ongeza 1988, H22 inakuwa 2010. R ya mwaka ni Reiwa, ongeza 2018, wala usiichanganye na R ya ajali. Kwa sisi hesabu hii ni ya lazima, kwa sababu tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 Uganda haipokei gari la kawaida lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Tangu kutengenezwa, si tangu kusajiliwa. Gari lililotoka kiwandani Novemba likasajiliwa Februari lina umri zaidi ya unavyodhani, na meli nayo ina mwendo wake.

"Nikilipata kwa bei ndogo, ushuru nao utakuwa mdogo"

Mjomba aliniuliza hili mara mbili, na mara ya pili alilainisha sauti kana kwamba mimi ndiye URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Kwa magari yaliyotumika, URA ina orodha yake ya thamani kwa aina na mwaka. Risiti yako ya ushindi haiwashangazi.

Chukua gari lililothaminiwa shilingi milioni 20 pamoja na bima na nauli ya meli. Ushuru wa forodha, asilimia 25, ni milioni 5. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya milioni 25, yaani zile 20 na ushuru wake: milioni 4.5. Kodi ya zuio, asilimia 6 ya zile milioni 20, ni milioni 1.2. Tozo ya miundombinu, asilimia 1.5 ya hizo hizo 20, laki tatu. Jumla milioni 11, na hatujagusa tozo ya mazingira inayowaangukia wenye magari makuukuu, wala usajili, wala ukaguzi unaofanywa kabla gari halijapakiwa, wala dereva wa kulitoa Mombasa kupitia Malaba, au Dar es Salaam kupitia Mutukula. Mjomba alikuwa anaandika kwenye bahasha ya barua. Alipofika chini aliigeuza akaendelea nyuma.

Ndiyo maana bondi za Kampala, yadi zinazouza magari yaliyokwisha kufika nchini, hazijafungwa. Watu huzisema vibaya, lakini kuna siku ile tofauti ya bei ni malipo halali ya usumbufu ambao mwingine amekubebea, na gari unaliwasha kwa mkono wako kabla ya kulipa.

"Kuna mnada kwenye kundi letu la WhatsApp"

Kuna mtu anayetaja bei na watu wanaoipandisha, basi. Hujui nani ni nani, na mwenye mali akiwa na laini mbili anaweza kujipandishia mwenyewe hadi ukome. Kwenye mitandao mikubwa mchezo huo umekatazwa na akaunti hufungwa. Ukiambiwa umeshinda na utume kwa mobile money kwenye namba ya mtu binafsi kabla ya kuona mali, nenda kanywe chai.

Mjomba alitafuta wakala, akaweka kiwango chake, akalala. Asubuhi ile Premio ilikuwa imekwenda kwa mwingine, kwa zaidi ya mara tatu ya zile mia tisa. Nilitarajia malalamiko. Jioni akanitumia karatasi ya gari jingine, akiwa ameizungushia duara la kalamu nyekundu kwenye milango ya kushoto, na sauti iliyorekodiwa: "Mpwa, hili limeandikwa nne, lakini hapa kuna W2 na XX pamoja. Mlango mmoja umebadilishwa, wa pili umenyooshwa. Waachie wengine."