Omega-3 iko kwenye fungu la vibua

Mwezi uliopita mama mwenye ujauzito wa miezi mitatu aliniwekea mezani kichupa cha vidonge vya mafuta ya samaki. "Dada, nimeambiwa vinamwongezea mtoto akili," alisema, akataka kujua ameze vingapi kwa siku. Nilisoma maandishi madogo ya ubavuni: yalikuwa mafuta ya ini la samaki, yenye vitamini A nyingi, ambayo ikizidi katika miezi ya mwanzo ya ujauzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Nilimsihi aviache, kisha nikamuuliza nyumbani anakula samaki gani. Akanijibu kwamba dagaa hali, maana ni chakula cha wenye shida.

Jibu lile lilinisikitisha kuliko kile kichupa, kwa kuwa omega-3, yaani mafuta aliyokuwa akiyanunua kwa bei kubwa, yanauzwa kwa fungu pale Feri, soko letu la samaki, kila asubuhi.

Mwili unaweza kujitengenezea mafuta mengi kutokana na wanga, lakini zipo asidi mbili za mafuta usizoweza kuziunda, nazo ni asidi ya linoleiki ya kundi la omega-6 na asidi ya alfa-linoleniki ya kundi la omega-3. Mwaka 1929, George na Mildred Burr, mume na mke waliofanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza jinsi panya waliolishwa chakula kisicho na mafuta walivyodumaa, wakaota magamba mkiani na hatimaye kufa. Binadamu anayezikosa hukauka ngozi, na vidonda vyake huchelewa kupona.

Omega-6 hainipi wasiwasi hapa Dar es Salaam, kwa sababu zaidi ya nusu ya mafuta ya kawaida ya alizeti ni asidi hiyo ya linoleiki, na anayeyatumia badala ya mafuta yanayoganda husaidia kushusha lehemu mbaya katika damu. Tunapopungukiwa ni kwenye omega-3. Ile ya mimea, inayopatikana katika soya na mbegu za kitani, ni lazima mwili uigeuze kuwa EPA na DHA, aina mbili za omega-3 zilizomo katika samaki, na kiasi kinachofanikiwa kugeuka ni kidogo sana. Samaki wa baharini wenye mafuta, kama vibua na dagaa, wanazo zote mbili tayari. DHA ni sehemu ya kuta za seli za ubongo na za ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mtoto huikusanya kwa kasi katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na baada ya kuzaliwa huipata katika maziwa ya mama, kwa kiwango kinachotegemea mama amekula nini. Kwa watu wazima, EPA na DHA husaidia kushusha trigliseridi, yaani mafuta yanayozunguka katika damu.

Namna ya kupika ina uzito wake. Asidi hizi huharibiwa kwa urahisi na joto, hewa na mwanga, kwa hiyo kibua aliyezamishwa katika karai la mafuta meusi yaliyochemka tangu jana hupoteza sehemu ya faida yake, na badala yake hunyonya mafuta yaliyochakaa. Mchemshe kwa ndimu na nyanya, mpake nazi (sina ugomvi na tui la kiasi), au mchome. Dagaa wakavu waliogeuka manjano na kutoa harufu ya kuchacha usiwanunue, kwani mafuta yao yameshaharibika.

Mama yule nilimwandikia kwenye karatasi: samaki mara mbili au tatu kwa wiki, vibua au dagaa; papa na nduaro awaache hadi amalize kunyonyesha, kwa sababu samaki hao wakubwa hulimbikiza zebaki. Aliikunja akaitia kwenye pochi, kisha akauliza kama dagaa wanaweza kuungwa kwa karanga. Nilimwambia wanaweza, na ni watamu.