Henry Parkes alikuwa premia, hakuwahi kuwa waziri mkuu wa Australia

Kila mtu akianza kuandika mambo ya Australia lazima atatupia "Henry Parkes, waziri mkuu wa kwanza wa Australia", na watu wanapita wanashukuru kwa elimu. Jamani hapana. Maana yenyewe ni fupi: premia ni mkuu wa serikali ya jimbo moja la Australia, na kabla ya 1901, makoloni ya Waingereza kule yalipokuwa hayajaungana kuwa nchi moja, alikuwa mkuu wa serikali ya koloni moja. Waziri mkuu ni wa nchi nzima. Parkes alikuwa premia wa New South Wales mara tano, kati ya 1872 na 1891, na waziri mkuu wa Australia hakuwahi kuwa hata siku moja, kwa sababu nchi yenyewe ilikuwa haijaundwa.

Naelewa mkanganyiko unatoka wapi. Premia ni neno la Kifaransa, maana yake "wa kwanza", yaani waziri wa kwanza, na kwa Waingereza wa zamani premia na waziri mkuu lilikuwa jambo moja, unatumia lolote. Ndo maana sisi tukitafsiri yote mawili yanaangukia "waziri mkuu". Halafu kuna kitu wengi hawakijui: enzi za Parkes, premia hata hakikuwa cheo cha kisheria. Aliyekuwa na wabunge wa kutosha nyuma yake gavana, mwakilishi wa Malkia wa Uingereza, anamwita aunde serikali, na kwenye karatasi za serikali anaandikwa kwa wizara yake, Parkes mara nyingi alikuwa Katibu wa Koloni. Vyama havikuwepo mpaka mwishoni mwishoni, ni makundi ya wabunge yanayofuata mtu, leo wako na wewe kesho wako kwa mwenzako, ndo maana unakuta mtu ni premia mara tano, anatoka anarudi. Baada ya 1901 ndo maneno yakagawana kazi kabisa, premia akabaki wa jimbo na waziri mkuu akawa wa taifa.

Sasa hayo makoloni yalikuwa sita: New South Wales, Victoria, Queensland, South Australia, Western Australia na Tasmania. Kila moja na gavana wake, bunge lake, ushuru wake wa forodha. Enzi hizo ukitoka Sydney, New South Wales, kwa treni kwenda Melbourne, Victoria, ukifika Albury mpakani unashuka na mizigo yako unapanda treni nyingine, kwa sababu reli ya New South Wales ilikuwa na upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu, ya Victoria futi 5 na inchi 3. Na watu wa forodha wapo hapohapo wanakusubiri. Kwahiyo ukisema waziri mkuu wa Australia mwaka 1889, wa Australia ipi?

Kinachowapoteza watu ni hili jina analoitwa Parkes, "Baba wa Shirikisho", shirikisho likiwa ni huo muungano wa makoloni. Mtu wa kwetu akisikia baba wa kitu fulani cha kisiasa kichwani anakuja Nyerere, Baba wa Taifa, kwahiyo anajaza mwenyewe kwamba huyu naye lazima ndo alikuwa kiongozi wa kwanza. Lakini Parkes alifariki tarehe 27 Aprili 1896. Shirikisho lilizaliwa tarehe 1 Januari 1901. Ubaba wake ni wa kuanzisha, mtoto mwenyewe hakumwona.

Na alivyoanzisha ni hivi. Oktoba 1889, ana miaka 74, anarudi kutoka Brisbane, akasimama Tenterfield, mji mdogo kaskazini mwa New South Wales karibu na mpaka wa Queensland, akahutubia pale. Kulikuwa na ripoti ya jenerali mmoja Mwingereza, Bevan Edwards, kwamba majeshi ya makoloni yakiwa vipandevipande hayawezi kulinda bara lote. Parkes akashika hapohapo: kama tunataka jeshi moja tunahitaji serikali moja na bunge moja la kuliamuru, na walichopata Wamarekani kwa vita sisi tunaweza kukipata kwa amani. Mwaka uliofuata wajumbe wa makoloni wakakutana Melbourne, na 1891 ukaitishwa mkutano mkubwa Sydney, yeye akiwa mwenyekiti, rasimu ya kwanza ya katiba ikaandikwa. Kalamu iliyofanya kazi kubwa pale ilikuwa ya Samuel Griffith wa Queensland, hilo nalo wanalisahau.

Binafsi hilo jina la baba naliona limemzidi kidogo. Miaka ya 1880 makoloni kadhaa yaliunda Baraza la Shirikisho, kitu dhaifu kweli lakini kilikuwa mwanzo, na Parkes ambaye wazo la namna hiyo aliwahi kulisukuma mwenyewe akageuka akalikataa, New South Wales haikujiunga kabisa. Wapinzani wake walisema anataka sifa ziwe zake peke yake na mimi siwezi kuwabishia sana. Halafu kwenye shirikisho alilolihubiri, watu wa asili wa bara lile hawakuwa kwenye hesabu, kihalisi: katiba ya 1901 ilisema wasihesabiwe kwenye idadi ya watu, kipengele kikaja kufutwa 1967. Na 1888 Parkes huyuhuyu alikuwa mbele kuwazuia Wachina wasishuke Sydney.

Maisha yake yenyewe lakini ni kisa. Alizaliwa 1815 karibu na Coventry, Uingereza, familia imepoteza shamba, shule kidogo tu, akajifunza Birmingham kazi ya kuchonga pembe za ndovu. 1839 akafika Sydney na mkewe Clarinda na kichanga aliyezaliwa melini, kazi ya kwanza kibarua wa shambani. Baadaye akafungua duka la kuchonga pembe, akaanzisha gazeti la Empire 1850, likafa 1858 na madeni ya kutisha, na 1870 akafilisika tena ikabidi aachie kiti cha bunge. Halafu miaka miwili baadaye ni premia! Na kama ningeambiwa nimkumbuke kwa kitu kimoja ningechagua sheria zake za shule, ya 1866 na ya 1880, kuliko hiyo hotuba ya Tenterfield.

Kingine kidogo wakati nipo hapa: 1901 haikuwa uhuru. Makoloni yaliungana chini ya Malkia yuleyule, na kamba za London zilikatwa polepole, za mwisho 1986.

Kwahiyo we andika tu "premia wa New South Wales", au "waziri mkuu wa koloni la New South Wales" kama unaona premia ni neno geni, hapo hujakosea. Waziri mkuu wa kwanza wa Australia ni Edmund Barton, ambaye Parkes mwenyewe alimwachia kazi ya shirikisho alipotoka madarakani 1891.