Sumu ya Kilembe: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mgodi ulifungwa zamani, sumu imekwisha."
Shaba ya Kilembe, magharibi mwa Uganda, ilichimbwa kuanzia 1956 hadi 1982, lakini mabaki ya mgodi yangalipo kandokando ya mto Nyamwamba. Yana pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa. Ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, nayo asidi huyeyusha shaba na kobalti, metali nyingine iliyomo. Bakteria huichochea kazi hiyo usiku na mchana. Mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yalimega kingo na kuyasomba mabaki kuelekea Ziwa George.

"Wataalamu wanakula pesa ya serikali kwa kupima tu."
Kampuni hulipia kinachouzika. Lundo la pairaiti la Kasese, mji ulio jirani na mgodi, lilipata mwekezaji kwa sababu lilikuwa na kobalti: bakteria waliachiwa waivunje ndani ya matangi, kobalti ikauzwa. Shamba la mihogo lililochafuka halina kobalti ya kuuza, kwa hiyo pesa ya umma ndiyo hubaki kulipia kupima na kusafisha.

Na kupima kwenyewe kuna masharti. Maji huchujwa papo hapo kwa kichujio chenye vitundu vya mikroni 0.45 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha hutiwa asidi ya nitriki mpaka pH, yaani kipimo cha uasidi, ishuke chini ya 2. Asidi ikisahaulika, metali hunata kwenye kuta za chupa na maabara hutoa majibu mazuri ya uongo. Ikitiwa kabla ya kuchuja, tope huyeyuka na kiwango hupanda mno.

"Maji yakiwa meupe, chemsha unywe."
Kuchemsha huua vijidudu. Shaba haiendi popote. Maji yakipungua sufuriani, kiwango chake kwa lita huongezeka. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 2 kwa lita.

"Pandeni miti na nyasi, zitafyonza yote."
Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, basi tupige hesabu. Sentimita 20 za juu za hekta moja zina udongo wa tani 2,600 hivi. Tuseme kila kilo ina miligramu 500 za shaba, na lengo ni zibaki 100: zinatakiwa kutoka zaidi ya kilo 1,000 za shaba. Nyasi zikitoa tani 10 kavu, zenye miligramu 100 kwa kilo, zimeondoa kilo moja. Mavuno elfu moja! Nyasi zina kazi nyingine, nayo ni kubwa: kushika mchanga usiingie mtoni. Mbuzi wasifunguliwe humo.

"Mwageni chokaa, basi."
Chokaa huzima asidi, lakini kiasi gani? Kwa kila asilimia 1 ya salfa iliyo kwenye pairaiti, tani moja ya mabaki hudai takriban kilo 31 za unga safi wa mawe ya chokaa, kwa hiyo salfa hupimwa kwanza. Mawe makubwa hugandwa na kutu ya chuma, ndani yakabaki mazima bila kufanya kazi. Ndiyo maana husagwa. Kwenye shamba, udongo ukipita pH 8, mazao huanza kukosa chuma na zinki.