Je, wajua mgombea anayeitwa kigeugeu hujibuje bila kujimaliza?

Wengi huamini kwamba mpiga kura huadhibu kubadilika kwenyewe: ukisema hili jana na lile leo, umekwisha. Ndiyo maana kampeni nyingi hukimbilia kukana. "Sijawahi kusema hivyo." "Nilinukuliwa vibaya."

Imani hiyo haielezi yaliyotokea Tanzania mwaka 2015. Septemba 2007, pale Mwembeyanga, Temeke, Dk. Slaa wa CHADEMA alisoma hadharani orodha ya watu ambao chama hicho kiliwaita mafisadi, na jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, lilikuwamo. Lowassa alikanusha. Februari 2008 akajiuzulu kutokana na sakata la Richmond, la mkataba wa umeme wa dharura, na Julai 2015 akahamia CHADEMA hiyohiyo, akawa mgombea urais wake chini ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Katika siasa zetu za vyama vingi, chama kugeuka kwa kiasi hicho ni jambo la nadra mno. Hata hivyo alipata asilimia 39.97 ya kura, kiwango ambacho mgombea urais wa upinzani hakuwahi kukifikia tangu 1995. Dk. Slaa mwenyewe mwaka 2010 aliishia takriban asilimia 27.

Namba hizo zisibebeshwe mzigo usio wao. Lowassa alikuja na wafuasi wake kutoka CCM, na vyama vinne vilikuwa vimekubaliana kusimamisha mgombea mmoja. Hazionyeshi kwamba kugeuka hakukuwa na gharama. Zinaonyesha tu kwamba hakukutosha kuua kura.

Basi kinachoua ni nini? Mpiga kura hatembei na Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, mkononi. Anaposikia tuhuma ya ukigeugeu anajiuliza jambo moja: hii ahadi ninayopewa leo itakuwapo baada ya uchaguzi? Anatafuta kigezo kitakachomwezesha kukisia utafanya nini kesho. Jibu lisilompa kigezo hicho, hata likiwa kweli tupu, linamwacha palepale.

Mfano unaoonyesha hili waziwazi ni wa Marekani. Mwaka 2003 serikali ya Rais George W. Bush iliomba dola bilioni 87 kwa ajili ya Iraq na Afghanistan. Seneta John Kerry, pamoja na Joe Biden, alipendekeza marekebisho: fedha hizo zipatikane kwa kufuta sehemu ya punguzo la kodi walilopewa matajiri. Marekebisho yakaanguka kwa kura 57 dhidi ya 42. Oktoba 17 mswada ulipopigiwa kura bila kifungu hicho, ulipita kwa 87 dhidi ya 12, na Kerry alikuwa miongoni mwa wale 12. Kura zake mbili, kwa hiyo, zilihusu mambo mawili tofauti. Lakini Machi 16, 2004, akiwa anawania urais dhidi ya Bush, huko Huntington, West Virginia, alipotakiwa kujieleza alisema kwamba aliziunga mkono zile bilioni 87 kabla hajazipinga. Haukupita muda, sauti yake ikawa ndani ya tangazo la kampeni ya Bush.

Tazama kilichokosekana. Chombo cha tanga hakiwezi kuelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, moja kwa moja upepo unakotoka. Nahodha hubisha: huenda upande mmoja, hugeuza tanga, huenda upande wa pili, na hivyo hivyo mpaka afike. Aliye pwani anaona chombo kinayumba kushoto na kulia. Akishaambiwa bandari ni ipi, mikondo yote ile inaungana kuwa safari moja. Kerry alitaja mikondo miwili, tena kwa mfuatano wake, akaiacha bandari. Bandari yake ilikuwapo: vita visilipiwe kwa deni. Angeweza kusema: "Nilitaka gharama za vita zibebwe na waliopunguziwa kodi, zisiachiwe watoto wetu kama deni. Mswada uliofanya hivyo niliuunga mkono; usiofanya hivyo niliukataa." Ukweli ni uleule, ila kigezo kimetangulia, kura zimefuata.

Na kuna jambo la kushangaza ambalo husahaulika. Seneti ilipoamua sehemu ya fedha za kuijenga upya Iraq iwe mkopo, Ikulu ya Bush ilitishia kuukataa mswada kwa turufu. Bush naye, basi, aliutaka mswada kwa sura moja na kuupinga kwa sura nyingine. Jina la kigeugeu halikumshika.

Kwa mgombea anayejiandaa, kazi huanza kwenye kumbukumbu. Tafuta kauli yako ya zamani yote: Hansard, picha za video, magazeti, pamoja na tarehe na sentensi za kabla na baada. Kukana kitu kilichorekodiwa hugeuza tuhuma ya kubadilika kuwa ushahidi wa uongo, na hiyo ni kesi mbaya zaidi. Kisha amua tuhuma ni ya aina gani. Kama mambo ni mawili tofauti, fanya ambalo Kerry hakulifanya. Kama umebadilika kwa sababu ya taarifa mpya, taja taarifa yenyewe na lini uliipata, na iwe ya kabla kubadilika hakujaanza kukufaidi. Kama ulikuwa waziri, uwajibikaji wa pamoja wa Baraza la Mawaziri ni maelezo halali, ila uwe tayari kwa swali linalofuata: kwa nini hukujiuzulu?

Jibu lenyewe liwe la sekunde 20 hivi: kigezo kwanza, kukiri badiliko pili, sababu na tarehe tatu, na mwisho utakachofanya ukichaguliwa. Usiweke misimamo yote miwili katika sentensi moja fupi, kwani hiyo ndiyo itakayokatwa na kusambazwa WhatsApp. Usirudie neno "kigeugeu", hata kwa kulikana. Usieleze taratibu za Bunge. Marekebisho, kamati na kusomwa mara ya pili humchosha msikilizaji kabla hujafika kwenye sababu. Jibu siku hiyohiyo, kwa maneno yaleyale Mwanza na Dar es Salaam. Kerry alikiri kwamba alikosea namna ya kulizungumza suala hilo katika mdahalo wa Septemba 30, akauliza lipi baya zaidi, kosa lake la kauli au kosa la Bush la kuivamia Iraq. Lilikuwa jibu zuri. Lilichelewa miezi sita.

Tafiti za majaribio, nyingi zikiwa za Marekani, huonyesha kwamba mgombea aliyebadilika hushuka kiasi katika kuaminiwa, na kwamba badiliko la miaka mingi iliyopita huumiza kidogo kuliko la juzi. Wahojiwa wa tafiti hizo, hata hivyo, mara nyingi hupewa wagombea wa kubuni kwenye karatasi. Chuki ya chama, kabila au kanda haimo humo.

Lipo badiliko ambalo sentensi haiwezi kuliokoa: lile lililofuata maslahi tu. Mwaka 2015 Lowassa aliwaambia wenye ushahidi waupeleke mahakamani, jibu lililomfaa yeye kama mtuhumiwa. Halikuwafaa waliomtuhumu na sasa wakamnadi. Dk. Slaa alijiondoa CHADEMA. Kwa maoni yangu, gharama kubwa ya CHADEMA haikuonekana kwenye kura za urais. Ilionekana kwenye majukwaa, ambako ufisadi, hoja iliyokijenga chama tangu Mwembeyanga, ilibaki mikononi mwa John Magufuli wa CCM kwa kampeni yote.